Mbegu ni halali, mbona haioti?

Lori la mbegu za mahindi likikwama siku tatu Malaba au Namanga kwa kusubiri karatasi moja, mfanyabiashara hupiga hesabu ya maegesho na posho ya dereva. Hasara nyingine haiandikwi kwenye daftari: ndani ya mifuko, chini ya turubai lililopigwa na jua mchana kutwa, mbegu zinazeeka.

Mbegu si saruji. Ni kiumbe hai kilicholala. Ikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 au 13, seli za kiinitete hupunguza kazi hadi karibu na sifuri, lakini hazifi. Ikipata maji shambani, ndani ya saa chache seli huanza kupumua kwa kasi, hurekebisha utando wake uliochakaa, na vimeng'enya huanza kuvunja wanga kuwa sukari ya kulisha mzizi. Kazi hiyo hufanyika tu ikiwa utando na viungo vya ndani ya seli bado ni vizima. Joto na unyevu huviharibu polepole, na punje inabaki na sura ileile. Hapo ndipo mnunuzi anapokosa ujanja.

Wataalamu wa hifadhi hutumia kanuni rahisi ya makadirio: kila joto linapopanda nyuzi 5, au unyevu wa mbegu unapoongezeka kwa asilimia moja, uhai wa mbegu hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, mbegu ambayo ingedumu miezi 12 kwenye ghala la nyuzi 20 hubakiwa na mwezi mmoja na nusu katika stoo ya bati yenye nyuzi 35. Maduka mengi ya pembejeo katika miji ya mipakani ni ya bati.

Kwa miaka mingi lawama zote zimekwenda kwa matapeli wanaopaka rangi mahindi ya chakula na kuyauza kama mbegu. Matapeli wapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu masoko ya Uganda ulikadiria kuwa mbegu chotara za mahindi zilizouzwa huko zilikuwa na chini ya asilimia 50 ya mbegu halisi. Lakini utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, uliotoka mwaka 2020 na kupima vinasaba, ulikuta mbegu ni zilezile zilizoandikwa kwenye mfuko, kuanzia juu ya mnyororo hadi dukani. Watafiti walielekeza kidole kwenye utunzaji na uhifadhi mbaya.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mfanyabiashara. Lebo ya kukwangua inayotumika Kenya, ambayo mnunuzi hutuma namba yake kwa ujumbe mfupi, humjulisha kama mfuko ni wa kweli. Haiwezi kumwambia mfuko huo ulikaa wapi baada ya kutoka kiwandani. Mkulima ambaye shamba lake halikuota hatauliza kuhusu joto la lori. Atarudi kwa aliyemuuzia, na msimu wa mvua utakuwa umeshampita.

Sheria za kanda zimeshughulikia zaidi aina ya mbegu kuliko uhai wake. Kanuni za COMESA za mwaka 2014 zinaruhusu aina iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama kuingia kwenye orodha ya pamoja na kuuzwa katika nchi nyingine za umoja huo. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na inafuata utaratibu wa SADC, kwa hiyo mzigo unaovuka Namanga unatoka mfumo mmoja na kuingia mwingine, na kila upande una vibali vyake na cheti cha afya ya mimea. Kila siku inayopotea kwenye karatasi hizo inakatwa kwenye uhai wa mzigo.

Kipimo cha kawaida cha uotaji wa mahindi hutumia mbegu 400 na huchukua siku 7, muda ambao hakuna lori linaloweza kusubiri. Kipo cha haraka: mbegu iliyolowekwa hukatwa katikati na kutiwa dawa ya tetrazolimu, na sehemu zenye seli zinazopumua hugeuka nyekundu, zilizokufa hubaki nyeupe. Majibu hupatikana ndani ya siku moja au mbili. Lakini kinahitaji maabara na macho yaliyozoea.

Asiye na maabara ana kitambaa chenye maji. Punje 100 kutoka mifuko tofauti, zikunjwe humo na kuwekwa kivulini kwa wiki moja kabla ya kulipa salio, zitaonyesha kama ile asilimia 90 ya kwenye lebo bado ipo. Kwenye mkataba, tarehe ya kipimo cha mwisho inafaa kuandikwa pamoja na bei, na pia nani anabeba hasara mzigo ukilala mpakani. Kwa sasa mikataba mingi ya mdomo haitaji hata moja ya hayo.