SHEREHE NA WENYEWE



Watakuwapo miongoni mwenu watakaostaajabu kuona gazeti la chama, lenye kurasa chache na karatasi za kuhesabiwa, linatoa ukurasa wake wa kwanza kwa khabari za mpira. Tena si mpira wa Gombani wala wa Amaan, bali wa Isansa, kata iliyomo katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, huko Bara kusini upande wa mpaka wa Zambia. Twawaomba wasiukunje ukurasa kwa haraka. Jambo lenyewe litawafikia mlangoni kwao kabla hawajamaliza kusoma.

Mwenye kuandika maneno haya ni mtu wa duka, na duka ndilo lililompeleka huko. Nilikuwa nataka maharage na mahindi. Bei za Tunduma, ambako malori ya Zambia hupanga foleni mchana na usiku, zimekwisha kupandishwa na madalali, na mwenye kutaka nafuu hana budi aingie shamba mwenyewe. Mwenyeji wangu akanichukua Isansa, nami nikakaa siku nne. Ni nchi ya kahawa, na baridi yake ya usiku ni ya kumfanya mtu wa Pemba ajute kuacha blanketi nyumbani. Ulikuwa msimu wa kuchuma buni, wakati ambao mkulima wa huko ana kazi nyingi na ana senti mbili tatu mfukoni.

Jioni ya siku ya pili nilikuta watu wamekusanyika mahali wanapopaita kijiweni, sauti zimepanda hata nikadhani kuna mtu kaibiwa. Kumbe ni mpira. Walikuwa ni wapenzi wa klabu moja katika zile mbili kubwa za Dar es Salaam. Jina lake naliweka mfukoni, kwa sababu wateja wangu wamegawika nusu kwa nusu na mimi nawategemea wote.

Wasomaji wengi wanajua kuwa klabu hizo, Yanga iliyoundwa mwaka 1935 na Simba iliyoundwa mwaka 1936, kila moja ina sherehe yake kabla ya msimu wa ligi kuanza. Simba wana siku yao tangu mwaka 2009, na Yanga wana Wiki ya Mwananchi tangu mwaka 2019. Kilele chake ni uwanjani Dar es Salaam, ambako wachezaji wapya huonyeshwa na timu ya kigeni hualikwa. Lakini kabla ya kilele matawi hutakiwa kufanya kazi za jamii: kutoa damu, kuzuru wagonjwa, kufagia masoko, kusaidia mayatima. Hapo ndipo ulipozuka mzozo wa Isansa. Matawi ya jirani yalikuwa yamepatana kufanya shughuli moja ya pamoja, na swali likawa moja tu: ifanyike wapi?

Kijana mmoja, mwenye simu mkononi na jezi mpya mwilini, alisema iwe Tunduma. Tunduma kuna watu, alisema, kuna hoteli, kuna wafanyabiashara wa kuchangia maji na fulana, na picha zikipigwa pale zitafika Dar es Salaam usiku ule ule. Mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, akamjibu kwa utulivu kuwa Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016 makao yake yaliwekwa Vwawa, si Tunduma. Kwamba viongozi wa serikali wako Vwawa na spitali ya mkoa iko Vwawa, na mgeni wa heshima hapandishwi njia ya vumbi. Maneno ya wote wawili yalikuwa na akili ndani yake, na watu wakaanza kugawika makundi mawili, kama kwamba Isansa yenyewe haimo katika hesabu.

Ndipo aliposimama mama mmoja anayeuza ndizi na chai hapo kijiweni. Hakupandisha sauti. Alisema, "Wanangu, kadi yangu nimeilipia hapa hapa, na risiti ninayo. Damu mnayoitaka mtaitoa katika mkono huu huu. Basi mgonjwa wa hapa si mgonjwa? Na mtoto wangu akitaka kuiona hiyo bendera yenu, mpaka nimtafutie nauli ya Tunduma?"

Kukawa kimya. Mwalimu aliinama akatazama kikombe chake. Kisha mwenyekiti wa tawi, mtu mwema kwa kadiri nilivyomwona, akasema maneno ambayo sisi wa visiwani tumeyasikia mara nyingi hata tunaweza kuyamalizia: "Tusubiri barua kutoka juu."

Sasa na tuyapime mambo haya kwa insafu. Klabu hizi mbili ni za nchi nzima kwa mapenzi, na za Kariakoo kwa anwani. Kutoka Isansa mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 900. Mpenzi wa huko anayetaka kukiona kilele cha sherehe kwa macho yake hupanda gari siku nzima au usiku kucha, akalala kwa jamaa au stendi, akarudi vile vile, na buni yake iko mtini inaiva bila ya mchumaji. Tena katika miaka ile ambayo Siku ya Simba ilikuwa ikiangukia tarehe 8 Agosti, iliangukia Nane Nane, siku ya wakulima wenyewe! Mkulima wa Mbozi akawa na mambo matatu mbele yake: shamba lake, maonyesho ya kilimo ya Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale, na klabu yake iliyo kando ya bahari. Hatusemi kuwa aliyeichagua tarehe hiyo alikusudia ubaya. Twasema kuwa hakumkumbuka mkulima, na mtu husahauliwa zaidi kwa kutokukumbukwa kuliko kwa kuchukiwa.

Watu wa mjini hawalihisi jambo hili mpaka liwaguse wenyewe. Mwaka 2025 liliwagusa. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mchezo wa marudiano na RS Berkane ya Morocco ukaondolewa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye kuchukua watu 60,000, kwa sababu ya hali ya kiwanja, ukaletwa Amaan, wenye kuchukua watu wapatao 15,000. Ulichezwa tarehe 25 Mei, ukamalizika 1 kwa 1, na Berkane wakalichukua kombe kwa jumla ya mabao 3 kwa 1. Mnayakumbuka malalamiko ya siku zile! Nauli ya boti, uhaba wa tiketi, pa kulala, na kuwa timu imenyang'anywa watu wake. Malalamiko yale yalikuwa ya haki, wala hatuyacheki. Lakini yale waliyoyaonja wao kwa mchezo mmoja, mpenzi wa Isansa ameyaonja kila mwaka tangu alipoanza kupenda, na hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja wa pole.

Liko jengine, nalo ni zito zaidi. Watu wa nyanda zile za kusini si wageni wa mpira. Mbeya City, klabu ya halmashauri ya jiji, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013 ilimaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya tatu, na wapenzi wake wakawa wanaifuata mikoani kwa magari. Na huko Ubaruku, Mbarali, ndani ya mashamba ya mpunga, ilikuwako Ihefu. Hapo ndipo Yanga ilipofungwa 2 kwa 1 tarehe 29 Novemba 2022, baada ya michezo 49 ya ligi bila ya kufungwa. Nchi nzima siku ile iliuliza Ubaruku iko wapi. Haikupita miaka miwili, mwaka 2024 klabu ile ikahamishiwa Singida, ikabadilishwa na jina, ikaitwa Singida Black Stars. Mwenye mali ana haki ya mali yake, hilo twalikubali kwa mujibu wa sheria. Walakini yule mwanamke wa Ubaruku aliyekuwa akiuza karanga mlangoni pa uwanja, nani alimwuliza? Klabu iliondoka kama mpangaji anayehama usiku, na aliyebaki ni yeye na karanga zake.

Kwa hivyo mzozo wa Isansa si wa kijinga, wala si wa watu wasio na kazi. Mahali pa sherehe ni jawabu ya swali la nani mwenyewe. Ukitaka kujua arusi ni ya nani, tazama turubali limefungwa mlangoni kwa nani.

Twajua yatakayosemwa dhidi yetu. Wadhamini hutoa fedha nyingi, na mdhamini hutaka kuonekana. Wachezaji hawalipwi kwa dua. Televisheni ina mitambo yake, polisi wana hesabu zao za usalama, na timu ya kigeni haiwezi kushushwa katika kiwanja cha skuli chenye mteremko. Yote haya ni kweli, na kwa ajili yake twasema kilele kibakie katika uwanja mkubwa, hatuna ugomvi nacho. Lakini kutoa damu kunataka kitanda, muuguzi na kisanduku cha barafu. Kuzuru mgonjwa kunataka miguu. Kufagia soko kunataka ufagio. Je, katika hayo ni lipi linalohitaji hoteli ya Tunduma? Kazi za jamii zikifuata picha badala ya kufuata jamii, basi jina lake zimelipoteza, na ingekuwa uaminifu zaidi kuziita matangazo ya biashara.

Na wala hatusemi kuwa Isansa iwe ndiyo daima, kwani hiyo nayo itakuwa dhulma kwa Itaka, na Igamba, na wengineo. Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuyasoma maulidi ya chuo nyumba moja miaka miwili. Mwaka huu kwa tajiri mwenye baraza ya sakafu, mwaka ujao kwa mvuvi ambaye majamvi ilibidi ayaazime. Wazee wa mjini walinung'unika kuwa njia ya kwa mvuvi ina matope. Maalimu akawajibu kuwa matope yale mvuvi huyakanyaga kila siku anapowaleta watoto wake chuoni, na wao watayakanyaga usiku mmoja. Sikumbuki kuwa aliongeza neno.

Hapa kwetu Pemba tumekwisha kuiona tafauti kwa macho. Kombe la Mapinduzi lilizoeleka kuwa la Unguja, na sisi tukawa watu wa kusikiliza redio. Mwaka 2025 lililetwa Gombani, na tarehe 13 Januari timu ya Zanzibar ikawafunga Burkina Faso 2 kwa 1 mbele ya macho yetu. Siasa za sherehe zile kila mtu anazo zake, wala sizo tunazozizungumza leo. Tunalozungumza ni kuwa wapo wazee wenye mvi ambao siku ile walimwona kwa mara ya kwanza mchezaji waliyekuwa wakimjua kwa sauti ya mtangazaji tu. Na dukani kwangu maji yalikwisha kabla ya adhuhuri.

Lakini, ndugu zangu, kabla hatujawanyooshea kidole wakubwa wa Kariakoo, tujitazame. Mkutano wetu wa mwaka wa tawi umefanyika mahali pamoja miaka mitatu mfululizo, karibu na barabara kuu, karibu na umeme, na, tuseme kweli, karibu na nyumba za wajumbe wa kamati, na mimi ni mmoja wao. Mwanachama wa Kojani huamka alfajiri, huvuka kwa mashua, hutafuta gari, hufika mkutano umekwisha kufunguliwa, hukaa nyuma, na huondoka kabla ya maswali ili asikose maji ya kuvukia. Kisha kamati huandika katika kumbukumbu kuwa watu wa Kojani hawakuwa na maoni. Nimeyaandika maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe katika daftari la kamati. Sikuona aibu mpaka nilipomsikia yule mama wa Isansa.

Wiki tatu baada ya kurudi nilimpigia simu mwenyeji wangu kumwuliza mahindi, na nikamwuliza na lile jambo. Akacheka. Barua kutoka juu haikuja. Kijana mwenye jezi alikwenda Tunduma na wenzake, wakapiga picha zao. Waliobaki, na mwalimu akiwa pamoja nao, walifagia soko la Isansa, wakachukua sabuni na unga kwa wagonjwa wa hapo hapo, na yule mama akawapikia chai kwa nusu bei. Nilimwuliza kama mwenyekiti alikuwa Tunduma au Isansa. Akanijibu kuwa mwenyekiti alikuwa Vwawa, anasubiri.

Mkutano wetu wa mwaka huu haujapangiwa mahali. Kamati imekubali, baada ya mabishano ambayo si ya kuandikwa hapa, kuwa kila shina lenye kiwanja au skuli na linalotaka kuupokea mkutano lilete barua kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika aje dukani, nitamwandikia bila ya malipo. Mpaka karatasi hii inapopigwa chapa imekuja barua moja tu, nayo imetoka Kojani.