Neno la Mhariri: Jemadari wa San Luis Potosí

Aghlabu atajwapo jemadari aliyejifanyia dola ndani ya dola, macho ya msomaji hukimbilia bunduki zake. Nasi, kwa kulifungua toleo hili, twaomba yatazamwe kwanza mashamba, kwani maisha ya Saturnino Cedillo, aliyeutamalaki mkoa wa San Luis Potosí nchini Meksiko, hayafahamiki pasipo kuijua ardhi aliyowagawia askari wake.

Alizaliwa mwaka 1890 katika aila ya wakulima wa Palomas, karibu na Ciudad del Maíz. Akaingia katika mapinduzi ya Meksiko pamoja na nduguze, Magdaleno na Cleofas, ambao vita viliwala, yeye akasalia. Alipomuunga mkono Jenerali Obregón, aliyekuwa akiuwania urais, mwaka 1920, alipata idhini ya kuwaweka watu wake katika vijiji vya askari wakulima, kila mtu na konde lake na silaha yake, akingojea kuitwa. Kwa jeshi hilo aliinusuru serikali kuu katika maasi ya 1923 na ya 1929, na tangu 1927 hadi 1931 alikuwa gavana.

Hatukubaliani na wamwitao haramia tu. Graham Greene, mwandishi Mwingereza aliyemzuru shambani kwake mwaka 1938, aliwakuta watu wakingoja kuonana naye, kila mmoja na haja yake. Na hapo, katika kungoja kule, ndipo ilipokaa siri yote ya utawala wake, kwa maana mkulima aliyestahili ardhi kwa haki ya mapinduzi aliipokea kama hisani ya mkono mmoja, na hisani, tofauti na haki, humdai mtu utiifu hadi kwa wanawe.

Rais Cárdenas, aliyemfanya waziri wa kilimo mwaka 1935, aliijua siri hiyo barabara. Walipokuwa wamekwisha kufarakana, Mei 1938, miezi miwili tu baada ya kuyataifisha makampuni ya mafuta, alikwenda mwenyewe San Luis Potosí, akawagawia wakulima ardhi kwa jina la serikali, akawataka waweke silaha chini. Nao wengi wao wakaziweka. Cedillo akapanda milimani na wachache waliobaki naye, akawindwa huko hata akauawa Januari 1939, ilhali wakulima wake wa jana walikuwa makondeni.