Viini Visakwe Sakafuni, Visingojwe Sahanini

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza swali lililonifikirisha: ikiwa soseji hupikwa kiwandani, na moto huua viini, mlaji huuguaje?

Jibu lilipatikana Afrika Kusini kwa gharama kubwa. Kati ya 2017 na 2018, ugonjwa uletwao na bakteria aitwaye listeria uliwapata zaidi ya watu 1,000, na zaidi ya 200 wakafariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Mnamo Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba chanzo ni nyama ya kusagwa iitwayo poloni, kutoka kiwanda kimoja mjini Polokwane. Viini vya aina ile ile iliyowaua wagonjwa vilikutwa humo kiwandani.

Moto huua viini hivi, lakini hauvizuii kurudi. Hujificha katika mifereji ya maji machafu, nyufa za sakafu na pembe za mashine za kukatia nyama, vikakivizia chakula kilichokwisha kupikwa. Hata baridi ya jokofu havijali. Huzaana humo humo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kupima chakula kilicho tayari hakutoshi. Soseji chache kuonekana safi maabarani si ushahidi kwamba maelfu zilizosalia ni safi. Sisi walimu twajua: anayengoja mtihani wa mwisho ndipo atambue udhaifu wa mwanafunzi amechelewa. Kiwanda nacho hakina budi kupanguswa kwa pamba safi kila juma, sakafuni, mferejini na kwenye magurudumu ya mikokoteni, na kila palipoonekana viini patiwe alama ili ijulikane vinatokea wapi.

Wapo watakaolalamikia gharama. Mimi naichelea aibu zaidi. Mfanyakazi akikemewa kwa kuleta habari ya viini, siku ya pili atapangusa pale palipokwisha kuoshwa, apate karatasi safi. Hapo kipimo chageuka pambo. Anayevigundua viini mferejini astahili pongezi, kwani amevinasa kabla havijafika mezani.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kiwanda cha chakula, ufa huo ni ufa kweli kweli.

Mwanafunzi wangu ataka kuwa mpimaji wa vyakula. Namwombea mwajiri atakayemshukuru siku atakapoleta habari mbaya.