Mwenye Kadi na Alipe Deni Lote

Katika taarifa ya kadi ya mkopo ambayo benki ya Marekani humpelekea mteja wake kila mwezi, kuna tarakimu mbili zinazokaa jirani. Ya kwanza ni jumla ya deni. Ya pili ni kiwango cha chini ambacho mteja akikilipa kwa wakati hatozwi faini wala hahesabiwi kuwa mkaidi. Mwenzetu aliyehamia huko ni rahisi kuiona hiyo ya pili, akashusha pumzi, akailipa, na akalala akijua kwamba hana ugomvi na mtu. Nasaha ninayotaka kuitoa ni kwamba tarakimu hiyo ya pili asiitazame kabisa. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutaja kulipa kiasi gani, kwa kuwa mdai wa zama zao alitaka chake chote, wala hakupata faida yoyote kwa kucheleweshewa. Benki inaipata.

Tuchukue deni la dola 2,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, kiwango kisicho cha ajabu siku hizi, kwani kadi nyingi za huko zimevuka asilimia 20. Riba ya mwezi wa kwanza ni dola 40. Benki nyingi hukokotoa kiwango cha chini kwa kujumlisha riba hiyo na asilimia moja ya deni, yaani dola 60, na kati ya hizo ni 20 tu zinazopunguza deni lenyewe. Mwezi unaofuata deni limeshuka kidogo, basi na kiwango cha chini nacho kinashuka, na mlipaji anajiona amepata nafuu. Akienda hivyo miaka mitano bila kununua hata sindano kwa kadi hiyo, atakuwa ametoa takriban dola 2,700 na bado anadaiwa karibu 1,100. Lakini mtu yuleyule angezishikilia zile dola 60 za mwanzo, asikubali kushuka pamoja na kiwango cha benki, angemaliza deni lote kabla ya miaka hiyo mitano kutimia. Kinachomchelewesha, basi, ni ile ruhusa ya kulipa kidogo zaidi kila mwezi, anayopewa kwa sura ya hisani.

Kadi hazikuanza hivi. Kadi ya Diners Club, iliyotoka New York mwaka 1950, ilimtaka mwenye nayo alipe hesabu yote ya mwezi. Mwaka 1958 Bank of America iliwapostia wakazi wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba, na hizo zilimruhusu mtu kulibeba deni mwezi hadi mwezi kwa riba. Mtindo huo wa Fresno ndio ulioenea duniani. Mtu wetu naye huukuta akiwa na mazoea ya deni la namna nyingine. Nchini Kenya, aliyetumia Fuliza, mkopo wa kwenye simu, anajua kwamba pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa yake, deni hukatwa papo hapo kabla hajaigusa. Deni la simu hujidai lenyewe, hata kama ni ghali. La kadi hungoja, na mtu aliyezoea kukatwa hudhani kwamba asipokatwa hadaiwi sana.

Watasema wengine kwamba mteja ni mtu mzima na onyo limo kwenye taarifa. Ni kweli. Sheria ya mwaka 2009, aliyoitia saini Rais Obama, inailazimu benki kumwonyesha mteja itamchukua muda gani akilipa kiwango cha chini tu, na alipe kiasi gani ili amalize kwa miezi 36. Kwa deni letu la dola 2,000, kiasi hicho ni kama dola 79. Lakini onyo hilo humfika mtu ambaye pesa ameshaitumia, tena kwenye karatasi ambayo wengi huifungua ili kutafuta tarehe ya mwisho basi.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba ni lazima uache deni kidogo ili upate alama nzuri za ukopaji, zile zinazotazamwa unapotafuta nyumba ya kupanga. Huu ni uvumi tu, na unawagharimu watu pesa halisi. Alama hizo, kama zile za FICO, hutegemea zaidi kulipa kwa wakati, kisha ukubwa wa deni ukilinganishwa na kikomo ulichopewa. Riba uliyolipa haikuongezei hata alama moja.

Hoja nzito ni ya asiyeweza: mshahara umeliwa na kodi, mtoto ameugua. Huyu simwambii alipe asichonacho. Namwambia ajiwekee kiasi kimoja kisichoshuka, na chakula cha wiki akinunue kwa pesa yake, asikinunue kwa kadi hiyo. Maana siku za kulipia manunuzi bila riba, ambazo kwa sheria ile ya 2009 hazipungui 21 tangu taarifa itoke, kwa kawaida ni za aliyemaliza deni lote. Ukibakiza salio, hata mkate wa leo huanza kuhesabiwa riba leo.

Na anayeogopa riba kwa ajili ya dini, akimaliza deni kila mwezi hatozwi riba ya manunuzi. Kama mkataba wenyewe unafaa kutiwa saini, hilo nawaachia masheikh, ambao nao hawajakubaliana.

Limebaki jambo la wanaotuma pesa nyumbani. Kampuni nyingi za kutuma pesa hupokea kadi ya mkopo, na benki inaweza kulihesabu tendo hilo kama kutoa pesa taslimu: kuna ada yake, na riba huanza siku ileile, hata kwa mtu ambaye hajawahi kubakiza senti.