Mama wa meza ya karibu



Juma hili tunataka kusema juu ya mama wanaouza chakula kwenye meza ndogo za avenyu zetu: sombe iliyotwangwa, mawese katika chupa, mchele kwa kopo, samaki wa Lualaba, mandazi ya asubuhi. Hatusemi juu ya soko kubwa. Tunasema juu ya meza ile mtoto anayotumwa mbio wakati chungu kiko motoni na chumvi imekwisha.

Katika kartiye yetu meza mbili zimefungwa tangu mvua zianze. Tuliuliza sababu, na jibu likawa lile lile pande zote mbili: deni. Hakukuwa na mwizi wala ugonjwa. Watu walichukua, wakasema "nitaleta kesho", kisha wakaanza kupita njia nyingine ili wasionekane.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama ananunua beseni ya samaki kwa franka 30 000, akiuza yote anapata 36 000. Ile 6 000 ndiyo chakula cha watoto wake, ndiyo pesa ya kijana wa baiskeli aliyembebea, ndiyo makala ya kupikia. Sasa wanunuzi watatu wakichukua samaki wa 4 000 kila mmoja bila kulipa, anabaki na 24 000 mkononi, hata kabla hajala. Kesho beseni hainunuliki. Kesho kutwa meza haipo, na wewe uliyezoea kukopa pale unaenda kukopa wapi?

Kukopa si aibu. Tunajua mwalimu anangoja mshahara, tunajua biashara inalala wakati treni haijafika kutoka Katanga. Lakini kuna kukopa kwa heshima. Sema siku utakayolipa, na siku hiyo ikifika bila pesa, uende wewe mwenyewe kumwambia, usimtume mtoto. Leta hata 500. Deni liandikwe katika daftari mbili, yake na yako, maana daftari moja huzaa ugomvi. Tumeona dada wawili wa avenyu moja hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya chupa moja ya mawese.

Na salamu, mama zetu. Mtu anafika mbele ya meza, anashika samaki, anageuza, anauliza "Ngapi?" bila hata "umeamkaje, yaya?" Kwetu hapa hata mgeni hafanyi hivyo. Mwite kwa jina la mtoto wake. Muulize kama yule mwenye homa ameamka vizuri. Ndiyo urafiki unavyoanza, na hauna bei.

Kupatana bei tusiache, ni mchezo wetu wa zamani. David Livingstone alipokaa Nyangwe mwaka 1871, aliandika jinsi wanawake wa soko lile la Lualaba walivyofurahia kupatana bei, kutaniana na kucheka. (Damu iliyomwagika pale Julai 15 ya mwaka ule hatutaieleza hapa.) Lakini yule mama aliyevuka na mtumbwi kutoka Alunguli alfajiri, kichwani ana mzigo, usimbane mpaka chini ya bei aliyonunulia yeye. Ukiona ameacha kucheka, umefika mwisho. Lipa.

Jambo jingine ni noti zilizochakaa. Ile ya 100 iliyopasuka katikati, iliyokataliwa kila mahali, mtu anaikunja vizuri na kumpa mama wa mandazi gizani, wakati taa yake ni ndogo. Huo ni wizi, hata kama ni wa franka 100.

Naye muuzaji ana sehemu yake. Muuzaji rafiki anakuambia kwa sauti ndogo, "Wale acha, ni wa jana." Anampa mtoto wako chenji yote na kumwambia asicheze njiani. Anakuongezea matabishi kidogo ya sombe bila kuombwa. Ukiwa na kilio nyumbani, utamwona amekaa kwenye mkeka pamoja na ndugu zako. Kwake kukiwa na kilio, twende vilevile. Wengi wetu tunasahau kwamba naye ana nyumba.

Ukiona nzi juu ya mandazi yake, usipige kelele mbele ya wateja. Ngoja waondoke, umwambie, na kama una kitambaa safi cha kufunikia, mpelekee. Mama mmoja wa kikundi chetu alifanya hivyo, na sasa meza nne za avenyu ile zina vitambaa.

Alhamisi, kabla ya kukusanya likelemba, kila mama aje na daftari yake ya madeni. Tutasoma kimya, kila mtu yake. Wale mama wawili waliofunga meza tumewaalika pia, na mmoja amekubali kuja.