BARUA YA MAANDAMANO

Ndugu Wanachama,

Twaona haya kuandika maneno haya, lakini kunyamaza ni vibaya zaidi. Mwaka jana, siku ya Mei Mosi, tulisimamishwa njiani na askari, na nyuma yetu gari la wagonjwa likakwama, kwa kuwa njia haikufungwa wala magari hayakuelekezwa kwingine. Kosa lilikuwa letu: barua yetu ililala mezani hata jioni ya kuamkia sikukuu.

Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, yataka mkuu wa polisi wa mahali apewe taarifa saa 48 kabla ya maandamano, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Hizo ni saa za mwisho, si za kuanzia. Kufunga njia ni jambo jingine: barabara kuu zi mikononi mwa TANROADS, na za wilaya mwa TARURA, tangu mwaka 2017. Basi barua zote ziende majuma mawili mbele, pamoja na ramani ya njia, na nakala irudi na muhuri wa kupokelewa.

Mganga hajigangi, lakini sisi makarani kila siku twamrudisha raia aliyekosa nakala moja. Tutamrudisha tena kwa uso gani?