Albamu za Metali na Vipimo Vyake

Uhakiki wa albamu za hevi metali huharibika pale mhakiki anapotumia kipimo kimoja kwa muziki ambao, kwa zaidi ya nusu karne, umegawanyika katika tanzu zenye malengo yanayopingana. Utanzu mmoja hutafuta kasi, mwingine hutafuta uzito utokanao na mwendo wa polepole. Kuna unaoenzi koo safi la mwimbaji, na kuna unaolitumia koo hilo kama ala ya kishindo. Toleo hili linapitia albamu za karibuni kutoka tanzu hizo, na hoja inayoziunganisha makala zake ni moja: albamu ihukumiwe kwanza kwa kile ambacho utanzu wake unakidai, kisha iulizwe imeongeza nini. Utanzu humpa mhakiki swali la kuuliza. Haumkingi msanii na lawama.

Mizizi ya muziki huu iko Birmingham, Uingereza, ambako bendi ya Black Sabbath ilianzia. Albamu yake ya kwanza ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17, na kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo alivyobania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya ncha za vidole, akachagua nyuzi nyembamba, na ilipofika albamu ya Master of Reality mwaka 1971 alikuwa amezilegeza nyuzi chini ya kiwango cha kawaida. Nyuzi zilizolegea zilipunguza maumivu na zikatoa sauti nzito zaidi. Waliofuata waliirithi sauti hiyo, lakini kila kundi lilikuza upande wake.

Mwaka 1986 unaonyesha jinsi pande hizo zilivyokwisha kuachana. Slayer wa California walitoa Reign in Blood, nyimbo kumi ndani ya muda usiofika nusu saa, na ikawa kigezo cha thrashi, utanzu wa kasi na makali. Mwaka huohuo Candlemass wa Sweden walitoa Epicus Doomicus Metallicus, nyimbo sita zinazopita dakika arobaini, na ikawa nguzo ya duumu, utanzu wa mwendo mzito na huzuni. Anayeisikiliza albamu ya pili kwa masikio ya ile ya kwanza ataiona imechoka. Anayefanya kinyume chake ataiona ile ya kwanza kuwa vurugu isiyopumua. Hukumu zote mbili hazimfai msomaji, kwa maana zinalaumu kazi kwa kutofanya jambo ambalo haikukusudia kulifanya.

Hali ni hiyohiyo kwa sauti ya mwimbaji na ubora wa kurekodi. Katika dethi metali, iliyopata nguvu huko Florida baada ya bendi ya Death kutoa Scream Bloody Gore mwaka 1987, mwimbaji hunguruma kutoka ndani ya koo. Kinachopimwa ni pumzi, mdundo wa silabi na jinsi mngurumo unavyoshikamana na gitaa na ngoma. Utamu wa melodia si deni lake. Katika bleki metali ya Norwei, Darkthrone waliirekodi Transilvanian Hunger ya mwaka 1994 kwa mashine ndogo ya njia nne. Sauti yake nyembamba na yenye mkwaruzo ni sehemu ya baridi inayotafutwa na muziki wenyewe.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu. Hakuna anayemlaumu mwimbaji wa taarabu kwa kutofikia kasi ya singeli, wala anayeitaka singeli isubiri fidla zimalize utangulizi. Hata hivyo, shabiki wa taarabu hutambua mara moja wimbo uliotungwa kivivu, na kijana wa Manzese anaijua singeli isiyo na ladha. Kila muziki una ukali wake wa ndani, na mhakiki wa metali anapaswa kuujua ukali huo kabla ya kushika kalamu.

Kuujua utanzu hakumaanishi kusamehe kila kasoro. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, sauti ilikuwa imebanwa na kupandishwa kiasi kwamba vilele vya mawimbi vilikatika na ngoma zikakwaruza. Mashabiki walithibitisha lawama yao kwa kulinganisha: nyimbo zilezile katika mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika zikiwa na nafasi zaidi kati ya ala. Mkwaruzo wa Darkthrone unajenga hali ya muziki. Ule wa Death Magnetic uliuficha upigaji ambao bendi ilitaka usikike. Kuitambua tofauti hiyo ndiyo kazi ya mhakiki.

Albamu za mwaka 2024 zinakipima kipimo hiki vizuri. Invincible Shield ya Judas Priest, bendi nyingine ya Birmingham, ilitoka karibu miaka hamsini baada ya albamu yao ya kwanza. Haidai kuvumbua, inadai ustadi wa hevi metali asilia, yaani magitaa mawili yanayojibizana na viitikio vilivyo wazi. Kwa hiyo swali la haki ni kama tungo zake zina nguvu, na jibu ni ndiyo: mwimbaji wao Rob Halford, aliyekuwa na miaka 72 albamu ilipotoka, bado anapanda humo noti za juu bila kujificha. Absolute Elsewhere ya Blood Incantation wa Denver inataka swali jingine. Ina tungo mbili tu, kila moja ya takribani dakika ishirini, zinazochanganya dethi metali na sinthesaiza za anga. Mchanganyiko peke yake si sifa. Kinachoipa thamani ni kwamba sehemu tulivu huandaa zile kali, na kila mpito una sababu inayosikika.

Afrika Mashariki nayo imo katika mjadala huu. Duma wa Nairobi walitoa albamu yenye jina lao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyoisambaza singeli ya Dar es Salaam nje ya mipaka. Mwaka 2024 mwimbaji wa Duma, Lord Spikeheart, alitoa The Adept, albamu yake ya peke yake. Humo mayowe ya metali yanakutana na midundo ya kielektroniki, na gitaa si mhimili tena. Kuisifu kwa sababu tu imetoka Kenya ni kuishusha. Inastahili ukali uleule wa albamu ya Oslo au ya Tampa, Florida: je, mayowe yanabadilika kadiri wimbo unavyosonga, na je, kelele zina mpangilio?

Linabaki suala la maneno na mwenendo. Bleki metali ya Norwei ilifungamana na uchomaji wa makanisa kuanzia mwaka 1992 na mauaji ya mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem mwaka 1993, na baadhi ya bendi za utanzu huo hueneza ubaguzi wa rangi. Giza la kisanaa linalochunguza kifo na hofu lina nafasi yake. Uchochezi dhidi ya watu hauna udhuru katika utanzu wowote, na msomaji ana haki ya kuambiwa kabla ya kununua.

Kwa sababu hizo, kila mapitio katika toleo hili yanataja utanzu wa albamu, yanaeleza kinachosikika katika gitaa, ngoma, sauti na utayarishaji, kisha yanatoa hukumu pamoja na ushahidi wake. Msomaji asiyekubaliana na hukumu hiyo atakuwa na kitu cha kurudia kukisikiliza mwenyewe.